Haidrojeni Haisafiri Peke Yake

(Hotuba iliyotolewa Mchinga mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wetu)



 Nasema kama mwanafunzi wa zamani wa shule hii, wala si kwa niaba ya ofisi ninayoitumikia.

Nimetakiwa nieleze habari za haidrojeni, na jinsi mataifa yanavyojaribu kujenga njia za kuifikisha kwa wanaoihitaji. Huenda wengine mnajiuliza: jambo hili linawahusu nini watu wa Mchinga? Jirani yetu pale Likong'o, zaidi ya hekta 2,000 za ardhi zimekwisha kutengwa kwa ajili ya kiwanda cha kusindika gesi asilia, na wenye mashamba walilipwa fidia mwaka 2020. Mwezi Juni 2022 Serikali na makampuni ya nje walitia saini makubaliano ya awali. Bidhaa iliyokusudiwa pale ni gesi iliyogeuzwa kimiminika, si haidrojeni. Lakini gesi asilia ndiyo malighafi kubwa ya haidrojeni duniani, na swali la bidhaa zote mbili ni moja: katika safari ya kutoka pwani yetu hadi kwa mnunuzi, sisi tutashika sehemu gani?

Vijana wa sayansi wanajua kwamba haidrojeni ni gesi nyepesi kuliko zote. Hutumika kusafisha mafuta ya petroli na kutengeneza amonia, ambayo ndiyo msingi wa mbolea ya urea. Siku hizi inatafutwa pia ili chuma kitengenezwe bila makaa ya mawe. Mwaka 2023 dunia ilitumia tani milioni 97 hivi. Sehemu kubwa ilitokana na gesi asilia na makaa ya mawe, na kila kilo moja itokayo katika gesi asilia huacha kilo 9 au 10 za hewa ya ukaa.

Kuna njia mbili za kupunguza uchafu huo. Ya kwanza ni kupitisha umeme wa jua, upepo au maporomoko ya maji ndani ya maji ili kutenga haidrojeni na oksijeni. Kilo moja hutaka lita 9 za maji na umeme wa yuniti 50 au zaidi kidogo. Ya pili ni kuitoa katika gesi asilia, kisha kuikamata hewa ya ukaa na kuizika chini ya ardhi. Kwa njia hizi mbili, mwaka huo dunia haikupata hata tani milioni moja.

Taabu kubwa ni usafiri. Gesi asilia hugeuka kimiminika ikipozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri. Haidrojeni hutaka nyuzi 253 chini ya sifuri. Mwaka 2022 meli ya Kijapani, Suiso Frontier, ilichukua haidrojeni ya kimiminika kutoka Australia hadi Kobe. Jambo liliwezekana, lakini lilikuwa jaribio la shehena ndogo kwa gharama kubwa.

Watu wa pwani tunalielewa jambo hili. Samaki mbichi hafiki mbali bila barafu, kwa hiyo wazee wetu walimpasua, wakamtia chumvi na kumkausha akawa ng'onda, naye akafika bara salama. Amonia ndiyo ng'onda ya haidrojeni. Ukiichanganya haidrojeni na naitrojeni ya hewani unapata amonia, ambayo huwa kimiminika kwenye nyuzi 33 tu chini ya sifuri. Ina sumu na hutaka uangalifu, lakini meli, matangi na mabaharia wa kuisafirisha wamekuwako kwa miaka mingi.

Ndugu zangu, mnyororo wa biashara hii una pete nyingi: nishati, kiwanda, matangi na gati, meli, mnunuzi mwenye mkataba, na cheti cha kuthibitisha usafi wa bidhaa. Ikikosekana moja, hizo nyingine hazina kazi. Mifano ipo karibu nasi.

Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Huku kusini ilijengwa reli, na bandari ya Mtwara ikachimbwa kwa ajili ya mzigo uliotarajiwa. Karanga hazikupatikana, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Reli yenyewe iling'olewa baadaye. Wahenga walituonya tusikate mbeleko na mwana hajazaliwa.

Mfano wa pili ni kiwanda cha mbolea cha Tanga, kilichofunguliwa mwaka 1972. Mnunuzi alikuwako, maana wakulima wetu walihitaji mbolea. Lakini malighafi, pamoja na amonia, ililetwa kwa meli kutoka nje kwa fedha za kigeni. Fedha hizo zilipoadimika kiwanda kilidhoofika, na mwaka 1991 kikafungwa.

Mfano wa tatu uko Kwekwe, Zimbabwe. Huko, tangu miaka ya 1970, walitengeneza amonia kwa haidrojeni iliyotolewa katika maji kwa umeme, jambo ambalo leo linasemwa kama jipya. Mwaka 2015 mitambo hiyo ilizimwa, nchi ikiwa na upungufu wa umeme. Hapo pete iliyokatika ni nishati.

Mfano wa nne ni wa jirani zetu wa Kilwa. Gesi iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974. Katika miaka ya 1980 kulikuwa na mpango, ulioitwa KILAMCO, wa kujenga kiwanda cha amonia na urea Kilwa Masoko, na sehemu kubwa ya bidhaa ingeuzwa nje. Kiwanda hakikujengwa. Gesi ilikaa chini ya ardhi miaka 30, mpaka mwaka 2004 bomba lilipofika Dar es Salaam, ambako mitambo ya umeme na kiwanda cha saruji vilikuwa vinaingoja. Gesi hiyo ilianza kazi ilipopata mnunuzi wa nyumbani.

Kutokana na hayo, maoni yangu ni kwamba kama haidrojeni itatengenezwa kwenye pwani hii, ianze kwa mbolea ya wakulima wetu wenyewe. Mahindi ya nyanda za juu yanaitaka kila msimu, na sehemu kubwa ya mbolea yetu bado inatoka ng'ambo. Kinachozidi ndicho kiuzwe nje. Karibu na Naivasha, Kenya, limefanyika jaribio dogo la namna hiyo: mtambo wa umeme wa jua wenye uwezo wa tani moja ya amonia kwa siku, kwa mbolea ya shambani.

Wapo watakaonipinga. Watasema kiwanda kidogo hutoa bidhaa ya bei kubwa, na kwamba mnunuzi wa Ulaya au Japani hulipa fedha za kigeni tunazozihitaji. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mnunuzi wa mbali hubadili nia upesi, na anayemtegemea yeye peke yake hubaki na matangi matupu. Mkulima wa Songea hahami.

Hata tukiuza nje, cheti kitaulizwa. Umoja wa Ulaya hauikubali haidrojeni kuwa safi kama utengenezaji na usafirishaji wake umetoa zaidi ya kilo 3.38 za hewa ya ukaa kwa kila kilo. Lazima pawe na mtu wa kupima bomba linalovuja, kusoma mita na kuandika hesabu isiyotiliwa shaka. Tusipokuwa na watu hao, wataletwa wageni, nasi tutabaki walinzi wa geti.

Kwa hiyo, vijana, nawaasa. Msiikimbie kemia wala hisabati. Anayependa kazi ya mikono ajifunze kuchomelea vyuma mpaka apate cheti kinachotambulika, kwa sababu tangi la amonia halichomelewi kwa kubahatisha. Anayependa sheria ajifunze kusoma mikataba, maana bei, muda na hasara vimeandikwa humo.

Nanyi wenzangu wa zamani, tusiishie kuwapa vijana maneno. Napendekeza kila mwaka wa wahitimu uchange kwa ajili ya maabara ya shule: kemikali, mizani, vyombo vya kioo, na betri ya kuwaonyesha wanafunzi maji yakigawanyika kwa umeme. Jaribio hilo halina gharama kubwa, lakini mwanafunzi aliyelifanya kwa mikono yake hatatishwa na mtambo mkubwa. Wenye mashamba wa Likong'o wamekwisha toa ardhi. Mchango huu ni deni letu kwa watoto wao.

Ndugu Mwenyekiti, naomba pendekezo hili lijadiliwe kabla hatujaagana leo.