Upepo wa Septemba Hauzaliwi Ubwari



Zamani kidogo, katika kikao cha kupanga masomo, nilipendekeza wanafunzi wa Fizi, hapa kwetu Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, wafundishwe kusoma ramani za hewa za Afrika ya kusini, zile zinazoonyesha kingo za hewa baridi zikipita Cape Town na kuelekea Durban. Mwenzangu mmoja, msomi ninayemheshimu hadi leo, alicheka. Akasema ukingo wa hewa baridi haujapata kufika nyuzi nne kusini mwa ikweta. Kwamba katika nchi za joto hali ya hewa haisafiri, inazaliwa asubuhi na kufa jioni mahali palepale. Kwamba mwishoni mwa Septemba jua linavuka ikweta, ukanda wa mvua unalifuata, na habari imekwisha. Kikao kikamwitikia. Pendekezo langu likawekwa kando. Leo mmenipa jukwaa na hakuna wa kunikatiza, basi nitamjibu kwa nafasi.

Nianze na kauli yake iliyo nyepesi kuliko zote, ile ya jua. Jua halichelewi. Kila mwaka linapita utosini mwa mtu wa Baraka katika siku za mwanzo za Oktoba. Kama mvua ingekuwa mtumwa wa jua, mkulima wa Mutambala angepanda mahindi yake kwa kalenda ya ukutani na asingejuta. Nani kati yenu anapanda hivyo? Upo mwaka ambao mvua za kwanza zinanyesha Septemba, watu wanapanda msimu A, yaani msimu wa kwanza wa kilimo, kwa furaha, kisha upepo mkavu unarudi wiki mbili na mbegu inaoza au inaliwa na mchwa. Upo mwaka mwingine ambao mawingu yanafunga na hayafunguki tena. Jua ni lilelile. Mtu anayeeleza kinachobadilika kwa kutumia kisichobadilika hajaeleza kitu.

Kauli ya pili, kwamba hewa yetu haisafiri, ina ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo iliyompumbaza. Ni kweli kwamba ngurumo ya mchana juu ya Itombwe inazaliwa pale pale mlimani. Ni kweli kwamba usiku upepo unashuka kutoka milimani kwenda ziwani na mchana unageuka. Hayo anayaona kila mtu. Lakini mtu anayekaa Baraka yuko mahali pabaya pa kuhukumia upepo. Tazameni ramani. Rasi ya Ubwari imeshikana na nchi kavu upande wa kusini, ikanyoosha kidole chake kaskazini hadi Cap Banza. Ghuba iliyo kati yake na Baraka imefungua mdomo kaskazini. Upepo wa kusini ukivuma siku tatu mfululizo, ghuba inabaki tulivu na mtu wa Baraka anasema leo hakuna upepo. (Ghuba hiyo bado inaitwa kwa jina la Burton, Mwingereza aliyepita hapa 1858 akaichora Ubwari kuwa kisiwa. Ilibidi Stanley azunguke ziwa lote 1876 ndipo rasi ikarudishiwa mguu wake. Aliyekosea ndiye aliyebaki kwenye ramani.)

Niliwahi kuvuka kwenda Kigoma mwezi wa tisa, nikiwa mwanafunzi, katika boti ya mbao iliyojaa muhogo na abiria. Tuliondoka Baraka maji yakiwa bapa. Nahodha, mzee wa Kibwari asiye na maneno mengi, alikataa kuondoka jioni kama tulivyotaka. Alisema kule nje ziwa linatembea. Tulinung'unika. Asubuhi yake, tulipoizunguka Cap Banza, tukakuta mawimbi marefu kutoka kusini, makubwa na yaliyopangana, ilhali juu yetu hapakuwa na upepo wa kutikisa leso. Nilimuuliza upepo uko wapi. Akaonyesha kwa kidevu upande wa Kalemie, akasema umevuma huko jana na juzi, na kesho utakuwa hapa. Ulikuja. Mzee yule hakuwa na barometa, lakini alikuwa amekwisha kuivunja nadharia ya mwenzangu: ziwa lenye urefu wa kilomita 670 hivi linapokea habari mwisho mmoja na kuzifikisha mwisho mwingine.

Sasa upepo huo unatoka wapi? Hapa nawaomba mshuke nami kusini. Ukingo wa hewa baridi unapoipita Cape Town, nyuma yake hufuata mgandamizo mkubwa wa hewa kutoka Atlantiki. Mgandamizo huo unalizunguka bara kwa chini na kuingia Bahari ya Hindi. Milima ya Drakensberg inauzuia usikate moja kwa moja kuelekea bara, hivyo hewa nzito inasukumwa kando ya pwani kwenda kaskazini, hadi Msumbiji, na kupanda mabonde ya Limpopo na Zambezi. Watu wa kusini mwa Malawi wanamjua mgeni huyo: wanamwita chiperoni, kwa jina la mlima ulioko upande wa Msumbiji, naye huwaletea siku za ukungu na manyunyu. Wazimbabwe wanamwita guti. Hilo si jambo la Juni na Julai peke yake. Septemba 2024, wakati watu wa kusini walikwisha kuanza kusema ni majira ya kuchipua, theluji iliifunga barabara kuu ya N3 kati ya Johannesburg na Durban pale Van Reenen.

Ukingo wenyewe haufiki Ubwari, hilo namkubalia mwenzangu. Kinachofika ni msukumo wake. Hewa imekwisha kupashwa joto njiani na kukaushwa, haina tena baridi ya kumtetemesha mtu, ila imebaki na mwendo. Inaingia kwenye bonde letu la ufa kupitia Mpulungu, mwisho wa kusini wa ziwa, inabanwa na milima ya pande mbili, na kupanda ziwa. Mtu wa Fizi huko juu anaijua kwa usiku ulio mkavu na mavumbi ya asubuhi. Mvuvi anaijua kwa mawimbi.

Chanzo ninachokipenda kuliko vyote, na wanafunzi wangu wamechoka kunisikia nikikitaja, ni kazi ya mradi wa utafiti wa Ziwa Tanganyika wa FAO na Finland katika miaka ya 1990. Watu wale walifanya kitu kilicho rahisi kukisema na kigumu kukitenda: walipima. Upepo na joto la maji vilirekodiwa mchana na usiku, kisha vituo vitatu, Bujumbura, Kigoma na Mpulungu, vikalinganishwa, na Pierre-Denis Plisnier na wenzake wakaandika mwaka mzima wa ziwa. Kusini, upepo wa kiangazi unasukuma maji ya juu na maji baridi yenye chakula yanapanda kutoka chini. Upepo ukilegea, mnamo Septemba na kuendelea, maji yaliyoinama yanarudi na kuyumba, na sasa ni zamu ya kaskazini kupata rangi ya kijani ambayo wavuvi wetu wanaitambua. Mwaka 2002 Naithani, Deleersnijder na Plisnier wakaenda mbele zaidi: walionyesha kwamba upepo wa kiangazi hauvumi sawasawa, unapanda na kushuka kwa vipindi vya wiki tatu hadi nne, na mpaka kati ya maji moto na maji baridi chini ya ziwa unacheza kwa vipindi hivyohivyo, karibu sana na mwendo wa asili wa ziwa lenyewe. Nimeusoma utafiti huo mara nyingi kuliko barua yoyote niliyoandikiwa. Ndani yake upepo unaacha kuwa majira na unakuwa tukio, lenye mwanzo na mwisho, na tukio linaweza kutabiriwa.

Mwenzangu, akiwa hapa, angesimama na kusema: kingo za hewa baridi zinapita Cape Town kila baada ya siku chache, si kila baada ya wiki tatu au nne. Hesabu haikubali. Ni swali zuri. Jibu langu ni kwamba si kila ukingo unaotufikia. Nyingi zinapita chini ya bara na kupotea baharini. Zinazohesabika ni zile zinazofuatwa na mgandamizo wenye nguvu na wa kudumu, nazo ni chache. Wengine wangesema vipindi hivyo vinatoka mashariki, kwenye mawimbi ya mawingu ya Bahari ya Hindi yanayozunguka dunia kwa siku 30 hadi 60. Yana mchango, sikatai. Lakini kwa Septemba yetu naelekeza macho kusini.

Sababu yangu ni mpaka mwingine, ambao vitabu vya shule havijauingiza. Kati ya Agosti na Novemba, hewa yenye unyevu ya bonde la Kongo inakutana na hewa kavu ya kusini mashariki kwenye mstari unaopita Angola, Zambia na kusini mwa nchi yetu. Watafiti Emma Howard na Richard Washington waliurudisha mstari huo kwenye mjadala mwaka 2019. Unaitwa mpaka wa hewa ya Kongo. Upande mmoja mvua, upande mwingine vumbi. Mimi nashikilia kwamba mvua ya kwanza ya kweli Ubwari inategemea kupungua kwa misukumo ya kusini kuliko inavyotegemea jua. Kila msukumo unaukunja mpaka huo kuturudia. Usipokuja mwingine, masika imeingia.

Jambo hili lina watu ndani yake. Tangu 2024 uvuvi unasimamishwa ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Basi wavuvi wanarudi majini katikati ya Agosti, na njaa ya miezi mitatu, katika wiki zilezile ambazo misukumo ya mwisho inapita. Nani anawaambia? Utabiri wa msimu wa Oktoba hadi Desemba unatolewa na ICPAC, kituo cha hali ya hewa chenye makao Nairobi, kwa nchi 11, nasi wa Kongo hatumo. Rangi ya ramani inakatikia Burundi. Wenzetu wa SADC wanatazama kusini kuliko sisi, wale wa Afrika ya kati wanatazama msitu. Hata tungekuwemo, utabiri wa miezi mitatu unakwambia kama mvua itazidi au itapungua. Haumwambii nahodha kama avuke Jumatano. Na Mei 2025, mto Kasaba ulipofurika usiku katika sekta ya Ngandja na taarifa za jimbo zikataja vifo zaidi ya 100, tuliona bei ya kulala bila onyo.

Ninachoomba kwa METTELSAT, idara ya taifa ya hali ya hewa, na kwa chuo hiki si kompyuta kubwa. Naomba kipima upepo Cap Banza, upande wa nje wa rasi, na kingine Kazimia. Naomba mwanafunzi mmoja kila asubuhi aandike mgandamizo wa hewa wa Durban na Beira, unaotangazwa bure, pembeni ya upepo wa Banza, kuanzia Agosti hadi Novemba. Baada ya misimu michache ya Septemba tutajua ni siku ngapi zinapita kati ya Durban na Banza, na redio za Baraka zitasoma namba hiyo kwa Kiswahili na Kibembe kabla ya boti kuondoka. Mwenzangu nimemtengea safu yake kwenye daftari, aandike tarehe ambayo jua linaleta mvua. Tutalinganisha.