Kisukari: Kidonge na Sahani Visigombanishwe

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyoandaliwa kwa ajili ya watumishi wa umma na walimu.)



Wapo watu wanaohubiri kwamba hospitali haiponyi kitu, na kwamba mwenye kisukari akibadili chakula chake aweza kuvitupa vidonge jalalani. Wapo na wengine, baadhi yao wamevaa makoti meupe, ambao habari za chakula na mazoezi huzitaja kwa nusu dakika mgonjwa akiwa ameshafika mlangoni. Makundi haya hulaumiana sana, na anayeumia ni mgonjwa.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba kisukari si ugonjwa mmoja. Katika aina ya kwanza, ambayo aghalabu huanza utotoni, kongosho huacha kutengeneza insulini, na mwili hushindwa kuitumia sukari iliyomo katika damu. Kabla ya mwaka 1922 hapakuwa na dawa. Madaktari walitegemea sahani peke yake. Waliwapa watoto chakula kidogo mno hata wakabaki mifupa mitupu, na hatimaye watoto hao walikufa. Januari 1922, mjini Toronto nchini Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alidungwa insulini iliyopatikana kwa juhudi za Frederick Banting na wenzake. Aliishi miaka 13 zaidi. Basi anayemshauri mzazi leo amwachishe mtoto wake insulini ili ampe majani na juisi anamrudisha mtoto huyo katika hali ya kabla ya 1922. Huo si ushauri, ni hukumu ya kifo.

Aina ya pili ni habari nyingine. Ndiyo inayowapata wengi, hasa watu wazima, na mara nyingi huandamana na unene na kazi za kukaa kitini. Nchini Marekani walichunguzwa watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imepanda lakini hawajafikia kuugua. Matokeo yalitolewa mwaka 2002. Vidonge vya metformini vilipunguza idadi ya waliougua kwa asilimia 31. Kupunguza uzito na kujizoeza, kama kutembea dakika 150 kwa wiki, kulipunguza kwa asilimia 58. Hapo sahani na miguu vilishinda kidonge waziwazi.

Lakini wanaoushangilia uchunguzi huo husahau jambo moja. Watu wale hawakukabidhiwa karatasi ya maonyo wakaambiwa waende zao. Kila mmoja alikuwa na mkufunzi, akafundishwa masomo 16 katika miezi ya mwanzo. Walimu hawahitaji kuelezwa tofauti iliyopo kati ya kufundisha na kukemea.

Vivyo hivyo Uingereza. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba asilimia 46 ya wagonjwa wa aina ya pili waliowekwa katika mpango mkali wa kupunguza uzito walikuwa, baada ya mwaka mmoja, na sukari iliyo chini ya kiwango cha ugonjwa bila dawa. Baada ya miaka 2 walibaki asilimia 36. Hawa walikuwa wameugua kwa muda usiozidi miaka 6, wala hawakuwa wakitumia insulini. Vidonge waliachishwa kweli, ila chini ya macho ya wauguzi na wataalamu wa lishe, wakipimwa mara kwa mara. Hapana hata mmoja aliyejiachisha dawa kwa kusikia maneno ya barazani.

Tanzania haina haja ya kuazima njia ya kufundishana. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi, redio ikisikilizwa na vijitabu vikisomwa. Kisha watu wakatoka wakachimba vyoo. Adui wa wakati ule alikuwa kuhara, malaria na kichocho. Huyu wa sasa hukaribishwa ofisini. Huandaliwa chai yenye sukari vijiko vitatu, maandazi ya saa nne, na soda katika kila semina, hata semina ya afya!

Kumwambia mtumishi abadili maisha huku mwajiri wake akimwekea soda mezani ni kumfanyia mzaha. Wakuu wa shule na wa idara wanaweza kuanzia hapo: maji yawekwe mezani badala ya soda, vikundi vya kutembea vipangwe jioni, na mhudumu wa afya aalikwe kupima sukari na shinikizo la damu. Naye atakayekutwa na ugonjwa apelekwe kwa daktari, apewe dawa anayostahili, na asiiache hadi daktari huyo amwambie.