Mkono Mmoja Haulei Mwana

Hotuba ya walimu kwa wazazi wa jumuiya yetu wanaoishi Kibuli, Kampala, katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni



Siku hii ya tarehe 20 Juni huadhimishwa duniani kote tangu mwaka 2001, na kabla ya hapo ilikuwa siku ya wakimbizi wa Afrika. Kwa kawaida tunasikia habari za vita, za safari na za mgawo wa chakula. Sisi walimu tumeomba nafasi tuseme jambo linaloonekana dogo, lakini linaingia katika kila nyumba: mtoto mchanga anayelia tangu jioni hadi usiku wa manane, asilale wala asimwache mtu alale.

Mtauliza, walimu wanahusika vipi? Tunahusika kwa sababu matokeo yake tunayaona asubuhi darasani. Mwanafunzi anasinzia juu ya daftari, na tukimwuliza anajibu, "Mwalimu, mtoto wetu alilia usiku." Wengine, hasa wasichana, hawafiki kabisa. Wamebaki nyumbani kumbeba mdogo wao ili mama apate kufumba macho kidogo.

Hapa Kibuli jambo hili lina uzito wake. Wengi wetu tunaishi katika chumba kimoja cha kupanga, kile ambacho jirani zetu Waganda hukiita muzigo. Vyumba vimejengwa kwa mstari, na kati ya jirani na jirani kuna ukuta mmoja tu. Mtoto akilia katika chumba cha kwanza, wa chumba cha sita anasikia. Mwenye nyumba analalamika. Baba anayeamka kwa adhana ya alfajiri kwenda kutafuta kibarua ananuna. Mama, ambaye kabla ya kujifungua alizunguka mjini akiuza vitenge, sasa hana biashara wala usingizi. Kule kwetu nyanya, ambaye wengine wetu humwita koko, angemchukua mtoto na kusema, "Lala, mwanangu, niachie mimi." Hapa hayupo. Amebaki Kongo, au yuko kambini, au Mungu amemchukua.

KILIO HIKI NI NINI?

Wapo wanaokiita chango, na wapo wanaosema ni msokoto wa tumbo. Mwaka 1954, nchini Marekani, daktari Morris Wessel na wenzake walitoa kipimo ambacho hutajwa hadi leo: mtoto mwenye afya na anayenyonya vizuri, lakini analia zaidi ya saa tatu kwa siku, zaidi ya siku tatu kwa wiki, kwa zaidi ya wiki tatu. Anakunja miguu, anakaza ngumi, tumbo linakuwa gumu, anajamba. Sababu yake haijajulikana kwa hakika. Hata ule upepo wa tumboni, sehemu yake mtoto huumeza wakati analia.

Ingawa sababu haijulikani, mwendo wake unajulikana. Huanza wiki ya pili au ya tatu, huzidi kufikia wiki ya sita hivi, halafu hupungua. Kwa watoto walio wengi huisha mwezi wa tatu au wa nne. Mwaka 1962 daktari T. Berry Brazelton wa Marekani alichapisha hesabu za watoto 80 wa kawaida. Walipokuwa na wiki sita walilia kadiri ya saa mbili na dakika 45 kwa siku, na zaidi wakati wa jioni. Hao walikuwa watoto ambao wazazi wao hawakukimbia vita yoyote. Basi mama wa hapa asiambiwe kwamba maziwa yake ni mabaya, au amelogwa, au ni adhabu ya safari aliyosafiri akiwa mjamzito.

Tunaomba mshike neno hili moja: kilio cha mtoto mwenye afya hakimwui, nacho huisha. Kinachoweza kumwua ni yale yanayofanywa na watu waliochoka ili anyamaze.

KWANZA: HAKIKISHA SI UGONJWA

Chuo cha ualimu kilitufundisha kumtazama mtoto kabla ya kumhukumu. Mpeleke kituo cha afya upesi, hata kama ni usiku, ukiona mojawapo ya haya: mwili una joto la digrii 37.5 au zaidi, au umepoa kupita kawaida, anakataa kunyonya, anapata degedege, amelegea na haamki vizuri, akiwa ametulia anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika moja, au kifua kinabonyea kwa ndani, anatapika matapishi ya kijani, kuna damu katika choo, utosi umevimba, macho au ngozi imekuwa ya manjano, kitovu kinatoa usaha. Na ikiwa kilio chake cha leo si kile unachokijua, usingoje asubuhi.

Hospitali ya Kibuli iko hapa hapa kilimani, lakini ni ya kulipia. Serikali ya Uganda iliondoa ada ya matibabu katika vituo vyake mwaka 2001, na mkimbizi anatibiwa humo kama raia. Kituo cha Kisugu si mbali na hapa. Mama asiogope kwenda kwa sababu hajui Kiganda. Amchukue mwenzake anayekijua, au mmoja wa watoto wetu wa shule, maana wao wamekwisha kukijua kuliko sisi.

PILI: YANAYOSAIDIA

Anza na mambo ya kawaida: njaa, nguo mbichi, joto au baridi. Mnyonyeshe, na umwache amalize titi moja kabla ya kumpa la pili. Kisha msimamishe begani umpigepige mgongo polepole mpaka acheue. Maziwa ya mama peke yake yanamtosha hadi miezi sita, na maji hayahitaji. Mama mwenyewe ale chakula chake, maharagwe pamoja. Asifungishwe kwa sababu ya kilio cha mtoto.

Mbebe. Mwaka 1986, mjini Montreal, Kanada, watafiti waliwaomba baadhi ya wazazi wawabebe watoto wao saa zaidi kila siku, hata wakati hawalii. Walipofika wiki sita, watoto hao walilia kwa asilimia 43 pungufu ya wenzao. Mama zetu walilijua hilo bila utafiti. Angalizo ni moja: mtoto ambaye shingo haijakaza afungwe kifuani, si mgongoni, na pua yake ionekane. Tena usingoje mpaka kilio kikolee, bali mbebe mapema, tangu mchana.

Kama ametulia kidogo, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, tumbo likiwa kwenye kiganja, ukitembea polepole. Mwimbie kwa sauti ya chini, au mfanyie "shshsh" karibu na sikio bila kukoma. Wengine hutulia kwa maji ya uvuguvugu, wengine kwa kufungwa kitambaa chepesi kinachoacha miguu icheze. Jaribu moja kwa dakika kadhaa kabla ya kwenda kwa lingine, maana kubadilisha kila mara humsumbua zaidi. Usiku punguza taa na maongezi, mchana fungua mlango aone mwanga. Mtoto mchanga hulala vipande vipande vya saa mbili hadi nne, na hajui usiku na mchana mpaka afikishe miezi miwili au mitatu.

Anapolala alazwe chali, bila mto. Uingereza ilipoanza kuwafundisha wazazi hivyo mwaka 1991, na Marekani mwaka 1994, vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua kwa nusu na zaidi. Na sigiri yenye makaa isilale ndani. Moshi wake usioonekana unaua watu wazima, seuze mtoto.

TATU: YASIYOFAA KABISA

Usimtikise mtoto. Kichwa chake ni kizito na shingo ni dhaifu. Sekunde chache za kutikiswa kwa hasira zinaweza kuvujisha damu katika ubongo, akafa, au akaishi haoni wala hatembei. Ukiona hasira inapanda, mlaze chali mahali salama, toka nje, kaa dakika kumi mlangoni. Kulia peke yake dakika kumi hakutamdhuru.

Usimpe asali kabla ya mwaka mmoja, wala pombe ya kijiko, wala mizizi ya kuchemsha, wala dawa ya maji ya mafua ili alale. Dawa ile inaweza kumzimia pumzi. Zile chupa za dukani za kutuliza tumbo nazo hazijathibitishwa kuponya kilio hiki. Fedha hiyo mama anunuliwe chakula.

Na msikubali mtu amkate mtoto. Hapa Uganda, kama ilivyo kwa majirani wengi, kuna wanaodai kwamba mtoto anayelia au kuharisha ana meno ya uongo, yale yanayoitwa ebinyo au meno ya plastiki. Huyachimbua kwa spoki ya baiskeli au kisu. Wanachokitoa ni chipukizi cha chonge lake la utoto. Wengine hukata kimio. Watoto wametokwa damu hadi kufa, wengine wameambukizwa pepopunda. Mtoto aliyekatwa wiki ya saba akanyamaza wiki ya kumi, hakunyamazishwa na kisu. Wakati wake wa kunyamaza ulikuwa umefika.

NNE: MKONO WA PILI

Wahenga walisema, mkono mmoja haulei mwana. Mama anayebeba kilio peke yake usiku arobaini atachoka, na uchovu ndio unaofungua mlango wa yote tuliyoyakataza. Tunaiomba Kamati na wazazi wote tufanye haya.

Kila mstari wa vyumba uwe na wanawake wawili au watatu waliokwisha kulea. Kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tatu usiku, wakati kilio kinapozidi, wapokezane mtoto nusu saa nusu saa, wakiwa wamenawa mikono kwa sabuni. Mama alale, hata kama ni saa moja tu. Akina baba nao wamo. Kifua cha baba kina joto lile lile, na kutembea na mtoto uani hakumpunguzii mtu heshima.

Mtoto akizaliwa, andikeni kwenye kalenda ya ukutani wiki ya sita na wiki ya kumi na mbili. Mweleze mwenye nyumba na jirani, Mganda au mwenzetu, mapema na kwa adabu: "Mama, mtoto wetu atalia, atazidi mwezi ujao, kisha atanyamaza." Mtu anayejua mwisho wa jambo hulivumilia.

Ndugu zetu wa mashirika, mnapotembelea mzazi msiulize habari za mtoto tu. Mwulizeni mama analala saa ngapi na nani anampokea. Mama anayelia kila siku, au anayesema hamtaki mtoto, asikemewe. Huyo naye ni mgonjwa, na anatibika. Na dada wa mtoto msimwachishe shule. Jioni asaidie, asubuhi aje darasani.

Ndugu zangu, tulipokuwa njiani wengi wetu tulibeba watoto wasiokuwa wetu. Hatukuuliza ni wa kabila gani. Tulimpokea aliyechoka, tukaendelea. Baadhi ya watoto hao leo wako katika madarasa yetu, wanasoma. Kama tuliweza pale, hapa Kibuli, penye paa na mlango, hatuwezi kushindwa na nusu saa ya jioni.