Lengo Lako, Mama: Miezi Sita ya Maziwa Pekee

 

Ukimwuliza mama anamtakia nini mtoto wake, atakuambia: "Awe na afya." Hayo ni matumaini mema, lakini bado si lengo. Lengo husema utafanya nini, mpaka lini, na utaanzia wapi. Kwa mfano: "Mtoto wangu atapata maziwa yangu pekee, bila maji wala uji, mpaka atimize miezi 6." Chukua kalenda, hesabu tangu siku aliyozaliwa, kisha tia alama tarehe hiyo.

Sasa tazama penye ugumu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya miezi 3. Mama anayeuza sokoni huenda akarudi kazini mapema zaidi. Hapo ndipo wengi huanza kumpa mtoto uji, na kuhara kukafuata. Kwa hivyo, gawa lengo lako katika hatua ndogo ndogo.

Kwanza, wiki 2 kabla ya kurudi kazini, anza kukamua maziwa kila siku. Usife moyo yakiwa kidogo. Kadiri unavyokamua ndivyo yanavyoongezeka.

Pili, mfundishe atakayebaki na mtoto kunawa mikono na kumnywesha kwa kikombe safi, si kwa chupa. Nje ya friji, maziwa yasipite saa 4. Kama huna friji, panga mtoto aletwe au wewe urudi wakati wa chakula cha mchana.

Tatu, zungumza na mwajiri mapema. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka atenge mahali pa kunyonyeshea na kukamulia maziwa.

Nne, nyonyesha kabla ya kutoka, ukirudi, na usiku.

Nanyi nyanya na yaya, ijueni tarehe hiyo. Msimpe mtoto maji mama akiwa kazini. Maziwa yana maji ya kumtosha hata wakati wa joto.

Kila Jumapili jiulize: wiki hii nimefika wapi? Ukikwama, usiliache lengo lote. Tafuta kilichokukwamisha, kisha umwone muuguzi kliniki.

Miezi 6 ikitimia, mwanzishie vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Hilo litakuwa lengo lako jipya.