Mageuzi Yaingie Hata Ofisi ya Kampeni

Hotuba kwa wanaharakati wa mageuzi wa mitaa ya Eastlands, Nairobi



Mmenipa heshima ya kusimama mbele yenu, nami nimechagua jambo ambalo katika mikutano yetu huachwa mpaka wageni waondoke, kisha likazungumzwa jikoni na wale wanaoosha vyombo. Nataka kusema juu ya wanawake wanaotufanyia kazi ya kampeni, na yale wanayotendewa na watu wa upande wetu. Nasema upande wetu kwa makusudi. Maovu ya upande wa pili yana wasemaji wengi na hayahitaji hotuba yangu.

Sisi wa Eastlands hatuna haja ya kufundishwa historia ya mageuzi, kwa maana ilipita milangoni mwetu. Uwanja wa Kamukunji, ambako wananchi walizuiwa kwa marungu na risasi kukutana tarehe 7 Julai 1990, uko jirani na Shauri Moyo, Majengo na Gikomba. Miezi kumi na saba baadaye, mnamo Desemba 1991, kifungu cha 2A cha Katiba kilichokuwa kimeifanya KANU kuwa chama cha pekee tangu mwaka 1982 kiliondolewa. Tukumbuke vizuri tulichokuwa tukikikataa. Halikuwa jina la chama wala rangi ya bendera yake. Tulikataa utaratibu ambamo mtu mmoja hushika kalamu, hazina na rungu, na asipatikane wa kumwuliza.

Katika historia hiyo wanawake hawakuwa wapambe. Tarehe 16 Machi 1922, umati ulipokuwa mbele ya kituo cha polisi mjini Nairobi ukidai Harry Thuku aachiliwe, na viongozi wanaume wakaanza kuwashauri watu warudi makwao, ni Mary Muthoni Nyanjiru aliyeinua vazi lake na kuwataka wanaume wampe suruali zao. Aliuawa kwa risasi siku hiyo. Miaka sabini baadaye, tarehe 28 Februari 1992, mama wa wafungwa wa kisiasa walianza mgomo wa kutokula katika bustani ya Uhuru. Polisi walipowavamia tarehe 3 Machi, baadhi yao walivua nguo mbele ya vijana wenye virungu, na Profesa Wangari Maathai akapigwa hata akazimia. Mama wale hawakurudi nyumbani. Walihamia Kanisa la All Saints wakaendelea kudai watoto wao.

Je, walilipwa nini? Bunge la mwaka 1989, Profesa Maathai alipopinga kujengwa kwa jumba la ghorofa 60 katika bustani iyo hiyo, lilitumia kikao kumdhihaki yeye na wenzake kwamba ni wanawake walioachwa na waume. Mtasema hilo lilikuwa Bunge la chama kimoja. Ni kweli. Lakini vyama vingi vilipokuja, dharau ile haikufa. Ilihama chama tu, kama walivyohama wanasiasa wengine. Uchaguzi wa Desemba 1992 uliwapeleka bungeni wanawake 6 kati ya wabunge 188 waliochaguliwa. Mnamo Septemba 2007 Flora Terah, aliyekuwa akiwania ubunge wa Imenti Kaskazini, alivamiwa na genge la wanaume, akapigwa na kuteswa hata akalazwa hospitali. Baada ya uchaguzi wa mwaka huo, Tume ya Waki ilitenga sehemu nzima ya ripoti yake ya mwaka 2008 kwa ubakaji na udhalilishaji uliotendeka, ikaonyesha kwamba wengi wa walioumizwa hawakwenda polisi. Mwaka 2016 kipindi kimoja cha televisheni kilisitishwa baada ya mwanamume aliyekuwa akiwania ugavana wa Nairobi kumtamkia mwanamke mwanasiasa, mbele ya kamera, maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya wazee hawa.

Hao niliowataja wana majina. Picha zao zilibandikwa ukutani, na walipoumizwa magazeti yaliandika. Sasa tumwulizie binti aliyepewa ndoo ya gundi ili abandike picha hizo. Yeye hana gazeti.

Ndugu zangu, kampeni ni mwajiri mkubwa katika mitaa hii, japo halitaki kuitwa hivyo. Tangu uchaguzi wa mwaka 2013 kila mpiga kura hupewa karatasi sita, na Nairobi ina wadi 85. Kila mwenye kuwania anataka watu wa kugonga milango, wa kuimba, wa kugawa fulana, wa kuandika majina, na siku ya kura anataka wakala katika kila kituo. Mwaka 2022 nchi nzima ilikuwa na vituo 46,229. Kwa kijana wa Kayole au Korogocho aliyemaliza shule na hajapata kibarua, miezi hiyo ni msimu wa mavuno. Na anayekabidhiwa orodha ya vibarua hao huwa na nguvu kuliko chifu.

Hebu tuitazame fedha yenyewe inavyosafiri. Mara nyingi haipiti benki. Hutoka kwa mgombea ikiwa ndani ya bahasha, ikamfikia mratibu wa wadi, naye akaigawa usiku baada ya mkutano, katika chumba cha nyuma cha baa au ndani ya gari, kwa orodha anayoishika mwenyewe. Hakuna daftari wala sahihi. Binti aliyetoka Dandora tangu saa kumi na mbili asubuhi hawezi kuondoka kabla bahasha haijafunguliwa, na bahasha hufunguliwa saa nne usiku, matatu zikiwa zimepungua na nauli imepanda. Hapo ndipo mwenye orodha hupata nafasi ya kumwambia kwamba jina lake halionekani, lakini linaweza kuonekana. Hamlazimishi. Humwambia tu kwamba gari lake linapita njia hiyo, na kwamba kesho kuna kazi nzuri ya uwakala kwa watu wanaoelewana naye. Akikataa, hafukuzwi, anakosekana kwenye orodha. Akilalamika, huulizwa ni nani aliyemwajiri.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaoeleza jambo hili kama tabia mbaya ya wanaume wachache walevi. Walevi wapo katika kila kazi. Lakini mlevi asiye na orodha ya malipo ni kero tu. Tumemtengenezea mtu mmoja mamlaka ambayo tuliyakataa Ikulu, tukamwekea saa ya usiku na fedha taslimu, kisha tunashangaa.

Tena tuna neno letu la kufunikia mambo, nalo ni kujitolea. Mabinti hawa, tunasema, hawakuajiriwa. Wamejitolea kwa ajili ya mageuzi. Neno hilo ni zuri, na wapo wengi waliojitolea kwa kweli, mimi nawaheshimu. Ila kuna wakubwa waliolisikia vibaya, wakadhani aliyejitolea kwa chama amejitoa kwao.

Udhalilishaji huu una ndugu yake mdogo, ambaye ni mgawanyo wa kazi. Mwanamke aliyesoma hisabati za biashara hutumwa kuleta chai, huku mwanamume asiyejua kujaza fomu akiitwa mkurugenzi wa mikakati. Kamati ya mikakati yenyewe hukutana saa tatu usiku hotelini, kisha tunaandika katika ripoti kwamba wanawake hawakuhudhuria. Akina mama huitwa kuimba wakati mgeni anapowasili. Wakimaliza kuimba, mkutano huanza.

Nimesikia majibu yenu hata kabla hamjayatoa. Jibu la kwanza ni kwamba siasa ni mchezo mchafu, na aingiaye ajue. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa na serikali ya chama kimoja pia. La pili ni kwamba wengine husingizia wenzao ili kuwaharibia. Huenda yupo, ndiyo sababu mratibu mwaminifu anahitaji daftari na shahidi kuliko mtu yeyote, kwa kuwa anayelipa hadharani mchana hana cha kusingiziwa. La tatu, ambalo ndilo kali zaidi, ni kwamba tusiwape maadui silaha: ngoja uchaguzi upite, tutalitazama. Jamani, uchaguzi ukipita hakuna wa kulitazama. Ofisi hufungwa, kodi ya chumba huisha, simu za mratibu huzimwa. Tukishinda, yeye anaitwa mheshimiwa na binti anamtafuta mlangoni mwa ofisi ya kaunti. Tukishindwa, kila mtu amerudi kwake. Kumwambia mtu angoje hadi uchaguzi upite ni kumwambia asahau, ila kwa adabu. Wahenga walituonya kwamba kikulacho ki nguoni mwako, nasi tunaendelea kupekua nguo za jirani.

Kuhusu sheria nitasema kwa ufupi, kwa kuwa mawakili wapo. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, iliyopelekwa bungeni na Njoki Ndung'u akiwa mbunge wa kuteuliwa, inamwadhibu mwenye mamlaka anayemsumbua mtu kimapenzi: kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Lakini inataka kuonyeshwa kwamba usumbufu uliendelea, na kwamba ulihusishwa na kazi au manufaa fulani. Jambo gumu kuthibitisha pasipokuwa na karatasi yoyote inayosema kwamba kazi ilikuwapo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri mwenye watu 20 au zaidi atoe taarifa ya msimamo wake dhidi ya unyanyasaji huo. Kampeni ya diwani mmoja tu yaweza kuwa na watu zaidi ya hao. Basi mwajiri ni nani? Mgombea husema ni chama, chama husema ni mgombea, na mratibu husema hakuna ajira, ni kujitolea. Mkataba nambari 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwaka 2019, umekwisha kuuziba mlango huo: unawahesabu wanaojitolea pia, na unahesabu hata njia ya kwenda na kurudi kazini. Na Katiba yetu ya mwaka 2010, ibara ya 91, inakikataza chama kufanya au kuchochea vurugu na vitisho dhidi ya mtu yeyote, na imewataja wanachama wake chenyewe kabla ya kuwataja wapinzani. Waliouandika mstari huo walitujua.

Wala tusijidanganye kwamba nia njema ya mgombea inatosha. Kule Marekani, mnamo Desemba 2018, watu zaidi ya 20 waliofanya kazi katika kampeni ya urais ya Bernie Sanders ya mwaka 2016, kampeni iliyojinadi kwa kuwatetea wanyonge, waliandika barua wakitaka kikao juu ya ubaguzi na unyanyasaji walioushuhudia humo. Januari iliyofuata mgombea aliwaomba radhi hadharani. Nadhani radhi ile ilikuwa ya kweli. Lakini kilichonivutia zaidi ni cha Machi 2019: wafanyakazi wa kampeni yake mpya walijiunga na chama cha wafanyakazi. Waliona kwamba moyo mwema wa mkubwa hauandiki saa za kazi.

Basi ninayoyaomba kwenu ni mambo ya daftari. Malipo ya siku yatolewe kabla ya saa kumi jioni, kwa simu, kwa jina na kiasi. Mama mboga wa Umoja anapokea fedha kwa M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007. Kampeni inayotaka kuongoza jiji haiwezi kudai kwamba imeshindwa. Orodha ya vibarua na ya mawakala iwekwe na watu wawili, mmoja wao mwanamke, na nakala yake ikae nje ya mikono ya mratibu. Hili litawafaa vijana wa kiume pia, ambao wengi hupunjwa nusu ya posho na kunyamaza. Mikutano ifungwe kabla ya giza. Ikichelewa, gari la kampeni liwafikishe wanawake nyumbani wakiwa wawili wawili au zaidi, wala asibaki mmoja wa mwisho. Mwenye malalamiko ayapeleke kwa mtu asiyelipwa na mratibu wa wadi hiyo, na aliyelalamikiwa aiache orodha siku hiyo hiyo mpaka asikizwe. Nasema asikizwe, maana naye ana haki. Uamuzi utolewe ndani ya siku saba, kampeni ikiwa bado hai.

Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya mwaka 2011 humtaka mwanachama ajaribu kwanza kutatua mzozo ndani ya chama kabla ya kwenda mbele ya jopo la mizozo ya vyama. Tawi lisilo na pa kupokelea malalamiko linamwacha binti akizunguka mlango wa kwanza, asiufikie wa pili.

Na mgombea yeyote atakayekuja kutuomba tumfanyie kampeni kabla ya Agosti 2027 atie sahihi masharti haya kwanza. Atakayesema kwamba hakujua yaliyotendeka katika ofisi yake tutamwonyesha sahihi yake.

Bwana Mwenyekiti, hoja yenyewe imeandikwa, na katibu anazo nakala. Naomba isomwe na ipigiwe kura leo, kabla fulana hazijagawiwa, na akina mama walioko jikoni waitwe ndani kwanza ili nao wapige kura.