Istilahi za Sayansi Zisimkanganye Mwananchi

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma wa Bariadi, Mkoa wa Simiyu)



Taifa lililoamua kujiendesha kwa lugha yake halina budi kuhakikisha kwamba lugha hiyo inabeba elimu yote, pamoja na elimu ya sayansi. Tanzania iliuchukua uamuzi huo mapema. Mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, Bunge lilitunga sheria ya kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa, yaani BAKITA, na mwaka huo huo Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Tangu wakati huo istilahi nyingi zimeundwa. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia katika kitabu kimoja.

Hata hivyo, kuunda istilahi ni jambo moja, na kuzioanisha ni jambo jingine. Kila taaluma hujitungia maneno kwa mahitaji yake. Tabibu ana yake, mtaalamu wa kilimo ana yake, na wa mifugo ana yake. Wakati mwingine dhana moja hupewa majina matatu. Na wakati mwingine jina moja hubebeshwa dhana tatu. Wataalamu wenyewe huenda wasione taabu yoyote, maana kila mmoja hukaa katika idara yake. Anayeona taabu ni mwananchi, ambaye hana idara.

Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, ni mahali pazuri pa kulipima jambo hili. Katika wilaya zake za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, mtu yule yule ndiye mkulima wa pamba, ndiye mfugaji wa ng'ombe, ndiye mzazi wa mwanafunzi, na ndiye anayepanga foleni zahanati. Katika juma moja anaweza kuonana na bwana shamba, bwana mifugo, muuguzi na mwalimu wa sayansi. Sayansi nne humfikia mtu mmoja, na yeye hutakiwa aziunganishe kichwani mwake bila msaada wa mtu.

Chukueni neno "dawa". Mtoto akiugua hupewa dawa. Ng'ombe akiugua hupigwa sindano ya dawa. Pamba ikishambuliwa na funza wa vitumba, nayo hupigwa dawa. Lakini hicho kinachopigwa kwenye pamba ni sumu. Neno "dawa" humtuliza mtu, na mtu aliyetulizwa huweza kuweka chupa ya sumu karibu na chakula, au kutumia chombo chake tupu kutekea maji. Istilahi iliyo wazi ipo: "kiuatilifu", na chini yake "kiuawadudu", "kiuagugu" na "kiuakuvu". Sheria ya mwaka 2020 imeliweka neno hilo katika jina la chombo cha Serikali, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Ikiwa neno limefika katika sheria, hakuna sababu lisifike katika mkutano wa kijiji na katika ubao wa darasa.

Upo mfano wa pili, nao unahusu ugonjwa. Ng'ombe wanaoharibu mimba kwa sababu ya bakteria wa brusela husemwa na bwana mifugo kuwa wana "ugonjwa wa kutupa mimba". Bakteria hao hao humwingia binadamu kwa maziwa yasiyochemshwa, au anapomzalisha ng'ombe kwa mikono mitupu, nao humletea homa ya kuja na kuondoka, ambayo ni rahisi kuidhania malaria. Hospitalini homa hiyo huitwa "brusela". Kwa majina hayo mawili, jamaa ya mfugaji haina njia ya kutambua kwamba kilichoharibu mimba zizini ndicho kilichomlaza baba kitandani. Bwana mifugo amesema kweli, na tabibu amesema kweli. Lakini kweli hizo mbili hazikukutana. Serikali imekwisha kuanzisha utaratibu wa Afya Moja, unaosimamiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu, ili afya ya watu, ya wanyama na ya mazingira ishughulikiwe kwa pamoja. Utaratibu huo utakuwa mgumu kutekelezwa vijijini endapo wahusika hawana jina moja la ugonjwa mmoja.

Mfano wa tatu ni wa dhana mbili zinazochanganywa kuwa moja. Mbegu isiyoshikwa na ugonjwa husemwa ina "ukinzani". Mdudu asiyekufa kwa kiuatilifu husemwa ana "usugu". Lakini baadhi ya waandishi humpa naye "ukinzani". Kwa Kiingereza dhana hizo mbili hutajwa kwa neno moja, na huko ndiko mkanganyiko ulikotoka. Kiswahili kimejaliwa maneno mawili, na busara ni kuyatumia yote mawili: ukinzani uwe sifa njema ya mmea au mnyama tunzwa, na usugu uwe tabia mbaya ya adui yake. Wizara ya Afya imekwisha kuonyesha njia kwa kuuita usugu wa vimelea dhidi ya dawa kwa kifupi UVIDA. Mbu asiyekufa kwa chandarua chenye kiuatilifu na funza asiyekufa shambani, wote wawili ni suala la usugu. Mkulima akilisikia neno hilo hilo zahanati na shambani, atafahamu kwamba kutumia viuatilifu ovyo kwenye pamba kunaweza kuwafanya hata mbu wa chumbani kuwa sugu.

Si kila neno lenye maana mbili lina madhara. Mwalimu wa fizikia naye hutumia "ukinzani" kwa umeme, na hakuna mkulima aliyepotea kwa ajili hiyo. Kanuni basi iwe hii: maana mbili zivumiliwe pale ambapo taaluma hazikutani, na zikataliwe pale zinapokutana katika shamba moja, zizi moja au mgonjwa mmoja.

Neno "mbuga" linapita mpaka huo. Kwa wananchi wengi mbuga ni mahali pa wanyamapori. Kwa Msukuma, na kwa wataalamu wa udongo waliojifunza kwake, mbuga ni ule udongo mweusi wa bondeni, unaonata masika na kupasuka kiangazi. Huko Meatu na Bariadi, ambako mashamba hayako mbali na Serengeti na Pori la Akiba la Maswa, barua isemayo "mbuga isilimwe" yaweza kusomwa kwa namna mbili, na kila namna ikazusha ugomvi. Kwa wanyamapori, sheria na ofisi husika hutumia "hifadhi" na "pori la akiba". Watumishi wakishika maneno hayo, "mbuga" itabaki kwa udongo, na barua itasomeka kwa namna moja.

Zipo habari njema pia. Wasukuma walikuwa na desturi ya kufunga sehemu ya malisho wakati wa mvua ili majani yapatikane kiangazi, na sehemu hiyo waliiita "ngitili". Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioendeshwa kuanzia mwaka 1986 hadi 2004, wakati Bariadi, Maswa na Meatu zikiwa bado katika Mkoa wa Shinyanga, haukutafuta neno la kigeni. Ulilichukua la wenyeji. Mtaalamu wa misitu, wa mifugo na wa ardhi wakasema ngitili, na mwanakijiji akajua wanachokisema. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudishiwa uoto. Neno peke yake halikuotesha miti hiyo. Lakini kazi iliyoanza kwa neno linaloeleweka haikupoteza muda kujieleza.

Hali kadhalika "sumukuvu". Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa mahindi yaliyoota kuvu. Leo kilimo, afya na biashara wote hutumia neno hilo moja, na mtu aliyemaliza darasa la saba hulielewa kwa kulisikia tu.

Mataifa mengine yamepita njia hiyo. Mwaka 1787 wanakemia wa Ufaransa, Lavoisier akiwa mmoja wao, walikaa pamoja na kupanga upya majina ya kemia, kwa kuwa kitu kimoja kilikuwa na majina mengi na mafundi hawakuelewana. Walitambua kwamba elimu haiwezi kujengwa juu ya majina yasiyotulia.

Yapo mambo matatu yanayowezekana bila kungoja fedha. Kwanza, wakuu wa idara za kilimo, mifugo, afya, maliasili na elimu katika kila halmashauri waketi pamoja, waorodheshe maneno yanayogongana, na kuyapeleka BAKITA, ambayo ndiyo yenye mamlaka ya kusanifisha. Pili, anayetaka kuunda istilahi mpya aulize kwanza kama idara jirani haina neno tayari, kisha amwulize mwanakijiji. Tatu, mwalimu wa shule ya msingi azishike istilahi sanifu na kuzifundisha, maana mtoto huzibeba mpaka nyumbani, mahali ambapo waraka wa Serikali haufiki.

Ndugu, kidole kimoja hakivunji chawa. Taaluma moja, hata ikiwa hodari namna gani, haiwezi kumlinda peke yake mkulima wa Simiyu, mifugo yake na watoto wake. Ni wajibu wa wataalamu kuelewana kwanza wao kwa wao kabla ya kumtaka mwananchi awaelewe.