Mwalimu Aliye Ugenini

Jioni ya leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya maisha ya mwalimu afanyaye kazi katika nchi isiyo yake, kama wale waliopata kufika katika shule za Kilosa na Mikumi kutoka ng'ambo. Hatumtaji kwa ajili yake peke yake. Yeye ni mmoja, nanyi mlio majirani na wanafunzi wake ni wengi, na mambo mnayomtendea siku kwa siku ndiyo yaamuayo kama kazi yake itawafaa watoto au itapotea bure.

Jambo hili si jipya katika nchi ya Usagara na Ukaguru. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 alikaa Mamboya, mahali ambapo sasa pamo katika Wilaya ya Kilosa, Mwingereza mmoja wa misheni ya C.M.S., jina lake J. T. Last. Mwaka 1886 kilipigwa chapa kitabu chake cha sarufi ya Kikaguru. Kitabu cha namna hiyo hakiandikwi na mtu aliyejifungia nyumbani mwake. Bila shaka walikuwako wazee na vijana waliomkosoa matamshi yake mara nyingi, ijapokuwa si majina yao yaliyo juu ya jalada.

Tena uko ugeni wa namna nyingine. Mwaka 1977 Serikali ya Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa Afrika Kusini, watu wa chama cha ANC, shamba la mkonge lililoachwa huko Mazimbu, karibu na mji wa Morogoro, nao wakajenga hapo shule iliyoitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Wengi wa waalimu wake walikuwa wakimbizi, na pamoja nao walikuwapo waalimu wa kujitolea kutoka nchi nyingi. Mwenye tiketi ya kurudia kwao aweza kuvumilia mengi kwa kuhesabu miezi. Aliyefungiwa mlango wa kwao hana miezi ya kuhesabu, bali hulima bustani na kupanda miti. Mwaka 1992 mahali pale palikabidhiwa kwa Tanzania, na leo wasoma hapo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine.

Mgeni wa siku hizi, kabla hajashika chaki, yampasa kuwa na kibali cha kazi na kibali cha ukaazi. Hayo ni ya ofisini, nayo yana watu wake. Yaliyo yenu ni yale ambayo ofisi haiyajui. Chukueni mfano wa saa. Sisi twahesabu saa tangu jua kuchomoza, lakini kwao siku huanzia usiku wa manane. Akiambiwa kwamba mkutano wa waalimu ni saa mbili asubuhi, mgeni hujiuliza ni watu gani hawa wakutanao gizani, wakati jogoo wa kwanza bado hajawika. Tumeona watu wakicheka jambo hili kwa wiki nzima badala ya kumweleza kwa dakika moja.

Au chukueni habari ya nyumba. Mgeni apewapo nyumba nzuri ya bei nafuu Kilosa, karibu na mto Mkondoa, huona maji membamba ya kiangazi akafurahi. Ninyi mnakumbuka Desemba 2009 na Januari 2010, jinsi mto ulivyovunja kingo zake, ukaikata reli na kuwatoa maelfu ya watu majumbani mwao wakaenda kukaa mahemani. Basi mwonyesheni ukutani alama ya maji yalipofika, kisha achague mwenyewe. Kadhalika na Mikumi. Hifadhi ya wanyama iliyowekwa mwaka 1964 haina ukuta, na barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Iringa yapita katikati yake. Tembo hajui mpaka wa shamba wala wa kiwanja cha shule. Mgeni apendaye kutembea alfajiri kwa ajili ya afya yake, mwambieni wazi ni njia gani na saa gani. Msimwachie mpaka ayaone mavi ya tembo mlangoni ndipo aulize.

Lakini hatari iliyo kubwa kuliko tembo, kwa maoni yetu, imo darasani, nayo ni neno dogo, “ndiyo”.

Ninyi wanafunzi mnaotusikiliza mwalijua vema. Katika shule za msingi za serikali mtoto hufundishwa kwa Kiswahili, na akifika sekondari hukutana na hesabu, kemia na historia kwa Kiingereza. Juu ya shida hiyo aja mwalimu ambaye hata Kiingereza chake kina lafudhi ya kwao, naye husema upesi. Akimaliza kueleza huuliza, “Mmeelewa?” Darasa zima huitika kwa sauti moja, “Ndiyo, mwalimu!” Yeye hufurahi, akafunua ukurasa wa pili. Juma likiisha huwapa jaribio, na katika wanafunzi hamsini hukuta watatu waliopata. Hapo huanza kuwaza kwamba watoto hawa ni wavivu, au ni waongo. Wanafunzi nao huwaza kwamba mgeni ni mkali na hajui kufundisha. Wote wamekosea, maana hakuna aliyesema uongo kwa nia mbaya. Mtoto aliyelelewa vizuri kwetu hufundishwa kutomwaibisha mkubwa mbele ya watu, hasa mkubwa aliye mgeni. Kusema “sikuelewa” humwia kama kumwambia mwalimu “umeshindwa kazi yako”. Kwa hiyo anaponyamaza adhani anatoa heshima.

Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la mwalimu mgeni ni kuambiwa kweli. Twawaomba viongozi wa madarasa wafanye hivi: mmoja asimame baada ya kipindi, si katikati yake, aende kwa mwalimu kwa adabu na kumwambia, “Mwalimu, tangu mstari ule tulipotea.” Hakuna aibu katika maneno hayo. Nanyi waalimu wageni, kama mko karibu na redio na jirani aweza kuwafasiria, acheni kuuliza “mmeelewa?” Mpeni mwanafunzi chaki, mseme, “Nionyeshe.” Ubao hauna adabu ya kuficha.

Iko na habari ya wazazi. Mwalimu humwita mzazi wa mtoto mtoro, na shuleni hufika mwanamume asiye baba yake. Mgeni hukasirika, akaona amedharauliwa. Hajui kwamba kwa Wakaguru, Wasagara, Wavidunda na Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, na tangu zamani mjomba ana neno kubwa juu ya watoto wa dada yake. Aliyekuja ndiye huyo. Pengine ameacha mpunga wake ukiliwa na ndege ili aje. Mwalimu mwenyeji aliye chumba cha pili aweza kulimaliza jambo hilo kwa sentensi moja, nasi twashangaa jinsi sentensi hiyo icheleweavyo.

Twaja kwenye kuondoka, nako ndiko watoto wanakoumia zaidi. Mkataba wa mgeni hufuata kalenda ya kwao, wala haufuati ya shule yetu. Aweza kuondoka katikati ya mwaka, naye ndiye mwalimu pekee wa hesabu wa Kidato cha Nne, na mtihani wa taifa u mbele. Hufanyiwa karamu, huvishwa kitenge, nyimbo huimbwa na picha hupigwa. Asubuhi ya pili darasa hukaa bila mtu. Hatuikatai karamu. Lakini kamati ya shule ingemuuliza tarehe ya kuondoka kwake siku ile ile aliyofika, ikaiandika, na tangu siku hiyo mwalimu mwenyeji mmoja, hata kama somo hilo si lake hasa, akaketi nyuma ya darasa lake mara mbili kwa juma. Mgeni naye aandike katika daftari, kwa maneno mepesi, kila kidato kimefika wapi, ni nani asiyejua sehemu za namba, na ufunguo wa kabati la vifaa u kwa nani. Daftari hilo likabidhiwe mwezi mzima kabla ya karamu, mbele ya wanafunzi wenyewe, wapate kumjua kwa jina mtu atakayesimama mbele ya ubao Jumatatu ifuatayo.